Mshenga wa Mswada Wangu

Baba yangu amekuwa msemaji wa watu tangu nikiwa mtoto. Hiyo si kazi ya kuandikiwa barua ya ajira, lakini kutoka Kimulot hadi upande wa Litein, kijana akitaka kuoa, wazee wa kwao huanza kwa kuja kwetu kumwomba baba awaongoze. Huvaa koti lake la kijivu, akachukua fimbo, akaenda nao asubuhi na mapema kwa wazazi wa msichana. Vitabu vya shule vinamwita mtu wa namna hiyo mshenga. Kwetu mtu hajiendei mwenyewe kuomba. Kijana anayejisemea huonekana hana watu, na asiye na watu, baba husema, hata chai hupewa iliyolala.

Kazi hiyo ina utaratibu wake, na baba anaufuata kama mtu anayepanga matofali. Siku ya kwanza hamsemi mlichokuja kufanya. Mnasema mmepita kusalimia tu. Mnazungumza habari za mvua na ng'ombe, mnakunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye masizi ya mkaa, mnaondoka. Siku ya pili mnagusia kwamba kuna jambo. Siku ya tatu ndipo jambo linatajwa. Nao wenye nyumba hawajibu upesi. Wakikubali siku ya kwanza, watu watasema walikuwa wanatafuta yeyote wa kuwaondolea mtoto.

Mimi ni binti yake wa pekee na nina miaka arobaini na mitatu. Kwa ajili yangu hakuna aliyekuja. Nalisema hilo bila machozi. Walikuwepo wawili walioanza kuuliza-uliza, mmoja akanyamaza na wa pili nikamfukuza mimi mwenyewe kabla hajafika kwa wazee, maana alikuwa na tabia ya kunisahihisha. Baba hakuwahi kulitaja. Lakini sebuleni kwetu kuna viti sita vya mbao ambavyo mama alivinunua nilipokuwa kidato cha nne. Alisema ni vya wageni, hakueleza wageni gani. Vilikaliwa na watu wengi kwa mara ya kwanza wakati wa matanga yake.

Nilichokuwa nacho ni mswada. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili karibu na Kapsoit, nimepanga chumba huko, na Ijumaa hurudi nyumbani Kimulot. Kwa miaka saba niliandika riwaya kuhusu dada wawili waliochuma majani chai katika shamba kubwa mpaka mashine za kuchuma zikaletwa, mmoja akafundishwa kuziendesha na mwingine akaambiwa arudi kwao. Niliiandika wakati wa likizo na Jumapili baada ya kanisa. Ilipoisha niliipeleka kwa wachapishaji watatu. Wawili hawakunijibu. Wa tatu alinijibu kwamba hawapokei kazi ya mwandishi mpya moja kwa moja, nitafute wakala.

Sikujua kwamba vitabu vina mawakala. Kwetu wakala ni mtu wa kibanda cha kutuma pesa, au wa mbolea. Nikauliza kwenye kundi la walimu wa Kiswahili kwenye simu, na mwenzetu mmoja akanitumia anwani ya mwanamke wa Nairobi, akasema ni mmoja kati ya wachache wanaoshughulikia kazi za Kiswahili. Nilimuuliza huyo mwanamke hufanya nini hasa. Akajibu kwamba huenda kwa wachapishaji kukusemea.

Nilimweleza baba Ijumaa hiyo, kwenye kituo cha kuuzia majani chai yetu, tukingoja lori ambalo kama kawaida lilikuwa limekwama mahali. Kwa miaka saba hakuwa ameniuliza lolote kuhusu kile kitabu. Alijua naandika, basi. Lakini niliposema natafuta mtu wa kunisemea, aliweka fimbo chini akanigeukia mzima mzima.

Aliuliza huyo mama ni wa ukoo gani, ameolewa wapi, nani anamjua. Nikasema sijui. Akauliza nitamwendeaje mtu nisiyemjua kwao. Nikamwambia ni kwa barua pepe, na barua yenyewe inatakiwa iwe ya ukurasa mmoja. Lori liliposikika likipanda kilima, akasema kwamba barua ya kwanza tutaiandika wote wawili.

Nilikuwa na uwezo wa kukataa. Mimi ndiye mwenye shahada, mimi ndiye ninayewafundisha watoto barua rasmi, kichwa cha habari na kila kitu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baba kujitia katika jambo langu, na nilipenda. Jumapili baada ya kanisa tuliketi jikoni, yeye akisema kwa Kipsigis nami nikiandika kwa Kiswahili. Barua ilimsalimu yule mama. Ikamweleza kwamba mvua Kimulot imekuwa nzuri ila baridi imezidi, kwamba sisi ni watu wa amani tunaokaa karibu na msitu, kwamba hatuna shida ila tumeona tumjulie hali. Riwaya haikutajwa hata kidogo. Nilipouliza kama nisiweke hata neno moja, baba alinitazama kana kwamba nimeomba kuingia kwa watu na viatu vyenye matope.

Barua ile niliituma kutoka saiba moja, duka la intaneti, pale Kapsoit, maana kompyuta yangu ilikuwa imekufa tangu Januari. Mwenye saiba ni mwanamke wa umri wangu. Familia yao ilitoka Kenya ya kati zamani, wakalima Kedowa, na yeye akaja mjini kufungua biashara. Ni mtu wa maneno ya mkato. Husoma kila anachochapisha, awe ameombwa au hajaombwa.

Wiki mbili zikapita bila jibu. Baba akafurahi. Alisema hawajatufukuza, ni dalili nzuri. Tukaandika ya pili, ikagusia kwamba nyumbani kwetu kuna kitu ambacho huenda siku moja kikahitaji mtu mzima wa kukitembeza. Kimya. Ya tatu ndiyo iliyosema wazi kwamba kitu hicho ni riwaya ya kurasa mia tatu, na kwamba kama yeye ana nafasi, tungependa kuongea.

Mwenye saiba aliisoma ya tatu mpaka mwisho, akavua miwani.

"Haiya, mwalimu," akasema. "Umezunguka mbuyu miezi miwili. Huyu mama hata hajui unauza nini."

Alinikalisha kwenye benchi na kunipa somo. Alisema watu wa Nairobi wanasoma mstari wa kwanza tu, na kama wale dada wawili wa riwaya yangu na ile mashine hawako kwenye mstari wa kwanza, basi hawako popote. Nilikasirika, kwa sababu alikuwa anasema kweli na mimi ndiye mwalimu. Ya tatu niliituma ilivyo, kisha nikakaa palepale nikaandika barua nyingine ya mistari kumi, kavu kama memo ya mwalimu mkuu, nikawatumia mawakala wengine wawili niliowapata mtandaoni. Mmoja alijibu baada ya siku tatu kwamba kazi yangu haiwafai kwa sasa na ananitakia kila la heri. Wa pili mpaka leo sijamsikia. Sikumwambia baba kuhusu barua hizo. Nilihisi kama mtu aliyeenda kwa mganga wa pili akiwa bado anakunywa dawa ya wa kwanza.

Baada ya hapo nilikufa moyo, na sioni haja ya kulificha. Nilikuwa nimebaki na tumaini kwa mtu mmoja tu, yaani yule ambaye tulikuwa tumemwandikia habari za mvua. Asiponijibu, dada zangu wangebaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, na mimi ningerudi kusahihisha insha za watu wengine mpaka nistaafu. Nilianza kuzoea wazo hilo.

Jibu lilikuja Alhamisi, nikiwa chumba cha walimu. Lilikuwa fupi. Alisema barua ya kwanza alidhani imepotea njia, ya pili akaihifadhi bila kujua kwa nini, ya tatu ikamfanya arudi kuzisoma zote. Nimtumie mswada wote.

Nikautuma. Mwezi mzima sikulala vizuri. Kisha akapiga simu. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu asiyependa kurudia neno. Alisema ameusoma mara mbili, anautaka, na kuna mambo ya kurekebisha sehemu ya kati ambayo tutayaongea. Jumamosi ya wiki iliyofuata angekuwa anaelekea Kisii, kwao mumewe, kwenye mazishi. Badala ya kutuma mkataba angepita kwetu aniachie mkononi, kwa sababu, alisema, baada ya zile barua alikuwa na hamu ya kuiona hiyo Kimulot.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia baba kwamba yule mama anakuja nyumbani kwa ajili ya kitabu, na kwamba anakitaka.

Baba aliuliza ni Jumamosi saa ngapi. Kisha akatoka nje akasimama kwenye majani chai kwa muda mrefu, bila kuchuma.

Jioni hiyo nilijaribu kumweka sawa. Nilimwambia sisi ndio tulioomba, yeye ni mshenga wetu, anakuja tu kukubali kazi. Baba akasema hapana. Mtu anayetoka kwake akaja mpaka kwako ndiye mwombaji, na mwenye nyumba ndiye anayeombwa. Barua zilikuwa barua tu. Sasa kuna miguu. Nilitaka kubishana, ila nilimwona uso. Alikuwa amekwenda kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi kukaa upande wa mlangoni, upande wa waombaji. Sijui ni mara ngapi alirudi usiku akapita kando ya vile viti sita na kwenda kulala.

Jumamosi ilipofika viti vilikuwa vimepanguswa na kupangwa vitatu kwa vitatu. Baba mdogo aliitwa awe mkalimani, maana baba alisema jambo la nyumbani halizungumzwi kwa lugha ya sokoni, ingawa Kiswahili anakijua. Kibuyu cha mursik kilitolewa. Na mimi niliambiwa nikae jikoni. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Baba mdogo akanieleza polepole kwamba anayeombwa haketi pamoja na wanaomwomba. Kwa hivyo siku wakala wangu alipokuja, mimi, mwandishi, nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikichochea moto.

Kupitia ufa wa mbao niliona karibu kila kitu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, amevaa nguo nyeusi za mazishi, amekumbatia bahasha. Nyuma yake aliingia dereva wake, mtu wa Kisii mwenye mvi. Baba akamsalimu dereva kwanza, akampa kiti cha mbele, akamwelekezea maneno yote ya kukaribisha. Wakala akabaki na bahasha yake mapajani. Dereva hakushtuka hata kidogo. Bila shaka aliwahi kuozesha mabinti. Alisema kwa utulivu kwamba wao walikuwa wanapita tu, wakaona si vizuri kupita bila kusalimia. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa dakika ishirini wanaume hao waliongea kuhusu mvua ya kwetu Konoin na mvua ya Kisii, na ipi imechelewa.

Mwishowe wakala akakohoa.

"Mzee, mimi nimekuja kwa sababu ya kitabu cha binti yako," akasema. "Nakitaka. Ni kizuri, na nikiruhusiwa nitakisemea kwa nguvu zangu zote."

Nilisimama na mwiko mkononi. Miaka saba nilikuwa sijasikia mtu akikiita kizuri mbele ya watu, na sasa ilisemwa upande wa pili wa ukuta, kwa mtu mwingine. Machozi yalinitoka, nikayafuta na kitambaa cha sufuria.

Baba mdogo akamgeukia baba na kutafsiri kwamba mgeni anasema safari ilikuwa njema.

Nadhani alifanya hivyo kwa heshima. Siku ya kwanza jambo halitajwi, na mgeni alikuwa amelitaja, kwa hivyo akamfunikia aibu. Baba bila shaka alikuwa ameelewa kila neno. Akaanza kuongea, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Baba anapowasemea watu sauti yake huwa laini, ya kubembeleza. Hii ilikuwa nzito, haina haraka. Alieleza juu ya mama yake aliyenipa jina, juu ya mama yangu na viti alivyovinunua, juu yangu nikiwa mdogo nikisoma gazeti lililofungiwa nyama. Alisema kilichotoka kwa mtoto wake ni mtoto wake, na mtu hawezi kuja mara moja akaondoka nacho. Aliongea kama robo saa.

"Mzee anasema tumewasikia," baba mdogo akatafsiri. "Leo hatuna jibu. Mrudi Jumamosi, wiki mbili zijazo."

Nilikasirika. Nilitaka kuvunja ule mlango. Nilikuwa nimefika mwisho wa safari yenyewe, na mtu anayenipenda alikuwa amekaa katikati ya njia amevaa koti la kijivu. Kilichonizuia ni ile sauti. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hatimaye ana kitu kilichofuatwa nyumbani kwake. Kama ningetoka jikoni, ingekwisha hapohapo mbele ya wageni. Nikabaki na mwiko wangu.

Wakala alikunywa mursik yake yote, mpaka masizi ya chini, jambo ambalo baba alilisifu baadaye. Kisha nikaruhusiwa kuwasindikiza mpaka kwenye gari. Kulikuwa na manyunyu. Dereva aliingia garini akafunga mlango kwa adabu.

"Mwalimu, sijaelewa," wakala akaniuliza. "Hiyo ilikuwa hapana?"

Nikamweleza kwamba haikuwa hapana. Kwamba ni lazima arudi, na huenda arudi tena. Alisikiliza, hakucheka, namshukuru kwa hilo. Akasema hawezi. Jumatatu iliyofuata alikuwa na kikao na wachapishaji wawili, ndicho kikao chao cha kupokea riwaya mpya, na baada ya hapo ni mwaka mwingine. Kama angekwenda bila sahihi yangu, angekwenda kuwasemea watu wengine. Alisema hivyo bila kunitisha, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Nikageuka nyuma. Baba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akitazama kando, upande wa zizi, kwa sababu mwenye nyumba hawakodolei macho wageni wanaoondoka. Alikuwa amenyooka kuliko nilivyomwona tangu mama atutoke.

"Ndiyo," nikamwambia wakala.

Nikatia sahihi juu ya boneti, nikiikinga karatasi na mgongo wangu ili isilowe, na pia ili isionekane. Gari likaondoka. Niliporudi ndani baba mdogo alikuwa anasema kwamba wale ni watu wazuri ila yule mwanamke ana haraka. Baba akasema haraka hupungua mtu akizoea. Hakuna aliyeniuliza tuliongea nini pale nje.

Wiki mbili hizo sikumwambia. Nilikuwa Kapsoit siku za kazi, na Ijumaa ya kwanza nilijipa sababu ya mitihani nisiende nyumbani. Wakala aliandika kwamba mchapishaji mmoja ameonyesha hamu na ameomba muda asome. Nilimwonyesha mwenye saiba, akanipigia makofi mbele ya wateja. Nikamweleza na ile habari nyingine, ya boneti. Akaacha kupiga makofi.

"Si ungemwambia mzee siku ileile," akasema.

Ijumaa ya pili nilikwenda nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Nikakuta baba amenyolewa nywele. Viti vilikuwa nje vinakauka. Alikuwa amevisugua kwa sabuni yeye mwenyewe, na kwenye meza kulikuwa na kikombe kipya, kikubwa, ambacho alisema ni cha yule mama kwa sababu anapenda mursik. Maneno yangu yakapotea. Nilisema nimechoka nikaenda kulala.

Asubuhi alivaa koti. Baba mdogo akaja saa tatu. Wakaketi upande wao, viti vitatu vya wageni vikiwa vitupu mbele yao, wakaongea habari za bei ya majani chai. Nilikuwa jikoni. Saa nne ikafika. Kila gari lililosikika barabarani, baba alishika fimbo. Magari mawili yalipita. Lilipopita la tatu nilitoka jikoni, nikasimama mbele yao na aproni yangu.

"Baba, hawatakuja," nikasema.

Aliuliza nimejuaje, wamepiga simu? Nikasema nilimjibu siku ile, pale garini, nikatia sahihi. Baba mdogo aliinuka akasema anaenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe wetu alikuwa amefungwa palepale anaonekana dirishani.

Baba alitazama sakafu. "Kwa hivyo ulijisemea mwenyewe," akasema.

"Ndiyo."

Nilingoja anigombeze. Ningependa angenigombeza, ningekuwa na la kumjibu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu ya kumjibu. Hakunigombeza. Alizungusha fimbo kiganjani. Kisha akauliza, kwa namna anayomuuliza kijana aliyekwenda pamoja naye akapewa nafasi ya kusema neno:

"Ulisemaje?"

"Nilisema ndiyo."

"Na kabla ya hapo?"

"Hakuna. Ndiyo tu."

Akalifikiria. Aliona ni fupi mno, nilijua hivyo, lakini hakusema. Alichofanya ni kunielekeza kwa fimbo kiti cha katikati, upande wa wageni.

"Kaa hapo," akasema. "Sasa eleza umekuja kwa jambo gani."

Nikavua aproni, nikaketi. Kiti kilikuwa bado kina unyevu. Nilitaka kumwambia moja kwa moja: nimekuja kukuomba ruhusa ya kitu nilichokwisha kukifanya, na unisamehe. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Kisha nikakumbuka nimekaa mbele ya nani.

Nikasema sina jambo, nilikuwa napita tu, nikaona nisalimie. Nikasema mvua huko Kapsoit ni haba mwaka huu. Akasema huku Kimulot wanashukuru. Akaniuliza habari za ng'ombe wangu, nikasema sina ng'ombe, nina wanafunzi, akasema ni mifugo migumu. Akanimiminia mursik katika kile kikombe kikubwa, nami nikanywa yote, mpaka masizi.

Nilipomaliza akasimama, na mimi nikasimama.

"Tumekusikia," akasema. "Leo hatuna jibu. Urudi Jumamosi."

Nikamshika mkono, nikatoka kwa mlango wa mbele kama mgeni, nikazunguka nyumba nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na nikapika chakula cha mchana cha watu watatu.

Jumamosi iliyofuata niliamka kabla hapajapambazuka vizuri. Nilivaa vizuri, nikaweka mswada katika mfuko ili usilowe, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nikapitia kwenye majani chai yenye umande mpaka barabarani, nikageuka, nikapanda njia ya kwetu na kupiga hodi. Ndani nilisikia viti vikisogezwa.